Orodha Uliyoniomba, Vidar

Umeniandikia usiku wa manane, mdogo wangu,
kwa haraka ya mtu aliyeachishwa kazi Jumatatu:
"Nisome nini niwe meneja wa bidhaa?
Nipe vitabu, nipe kozi, nipe njia ya mkato."

Ya mkato sina.
Vitabu ninavyo, sita, nimevipanga dirishani
vinazuia upepo wa Februari usipenye;
hapa Norrköping hiyo nayo ni kazi.
Kozi nilifanya. Mwalimu wa kwenye video
alikuwa na meno meupe na mishale mingi:
duara linaingia mraba, mraba unazaa faida.
Cheti kikaja kwa barua pepe. Nikakichapa,
nikakibeba kwenye usaili kama mtoto mchanga.
Mama mmoja, Hjördis, hakukitazama.
Akauliza, "Unamtengenezea nani?"
Nikajibu kwa sauti ya video: "Kila mtu."
Akafunika kalamu yake.

Unakikumbuka chumba cha kufulia, kule chini ya jengo,
mashine tatu kwa kaya arobaini?
Palikuwa na ubao wa zamu ukutani,
kila nyumba na kikufuli chake chenye namba:
unakichomeka penye siku yako, basi.
Wakaung'oa. Wakaleta programu ya simu,
nyekundu pamechukuliwa, kijani pako wazi.
Safi. Ningeisifu hata mbele ya Hjördis.

Bi Gunhild wa namba tisa nilimkuta
kapu kiunoni, anatazama ukuta mtupu,
matundu manne ya misumari.
Nikadhani simu imemshinda, nikajitolea kumfundisha.
"Simu naijua," akasema.
"Niambie, wa kumi na nne amefua lini?"

Kitanda usichokilalia, Vidar, hujui kunguni wake.
Nikakaa sakafuni, mgongo kwenye mashine yenye joto,
Jumapili nne, na daftari la miraba.
Niliuliza, kisha nikanyamaza
(kunyamaza ndiko kulikonitoa jasho).
Wakanisimulia, mmoja akikunja shuka, mwingine akitafuta soksi,
jinsi kikufuli cha kumi na nne kilivyoganda
wiki mbili pasipo kusogea,
wakapanda ngazi, wakagonga, wakavunja,
wakamkuta mzee Arvid chini jikoni,
yu hai, ana kiu, anawatukana kwa kuchelewa.

Kumbe ubao ule ulikuwa daftari la mahudhurio.

Niliandika ukurasa mmoja, bila mshale hata mmoja:
tatizo ni lipi, ni la nani,
tutajuaje kama limepungua.
Wenye programu wakajibu kwa adabu
kwamba robo hii wana mambo mengine.
Nilikasirika siku tatu. Ya nne nikafungua sura ya saba
ya kitabu nilichojidai nimekimaliza,
sura nzima juu ya kusema hapana,
kurasa zake bado zimenata.

Nakala nilimpelekea Hjördis.
Kazi ile ilikwisha pata mtu.
Akanipa nyingine, ya miezi mitatu,
kupokea malalamiko kwa simu. Niko mwaka wa tano sasa,
na bado nayapokea, kila Ijumaa, kwa hiari yangu,
ingawa mlangoni wameniandika cheo kirefu.

Basi orodha yako.
Kile chembamba chenye jalada la kijani nitakuazima,
anza na sura ya saba.
Video tazama moja, uone meno.
Vitabu vingine viache dirishani, baridi haijaisha.
Halafu njoo Jumapili, zamu yangu ni saa nane mchana.
Bi Gunhild atakuwepo. Usimwambie unasomea nini.
Muulize jambo moja,
uhesabu hadi kumi kabla hujafungua mdomo tena.
Penye yale matundu ametundika karatasi
na penseli kwa uzi.
Beba nguo zako chafu.
Tia alama.